Tusimcheke anayesinzia: usingizi mbovu na maradhi ya kisukari



Ndugu msomaji, juma hili safu yetu inaanza kwa kukiri kosa. Kosa lenyewe tulilitenda sisi wana kamati ya msikiti, na huenda linatendwa hata sasa katika misikiti mingine na katika nyumba nyingi, bila ya mtu kujua kuwa anakosea.

Hapa Nyamisangura, mjini Tarime, msikiti wetu ulikuwa na mlinzi mmoja tu, mtu wa makamo aliyekwisha kuvuka miaka hamsini. Usiku alilinda, na mchana aliuza viazi na vitunguu sokoni. Kwa miaka kadhaa hatukumsikia akilalamika. Kisha tukaanza kumwona akisinzia. Siku ya Ijumaa, khatibu akiwa juu ya mimbari, kidevu cha mzee kilikuwa kimeshagusa kifua. Baada ya Alfajiri, watu wakiwa katika nyiradi, yeye alikuwa akikoroma ameegemea nguzo. Vijana wakampa jina la utani. Wengine katika kamati wakasema kwamba mlinzi anayesinzia ni sawa na mlango ulioachwa wazi, na hatimaye ajenda ya kumwondoa kazini ikaandikwa katika daftari la vikao. Aliyeiandika ni katibu, naye ndiye anayeandika safu hii.

Kabla kikao hakijafika, mzee mmoja wa kamati alishauri tumwite kwanza tumsikilize. Akaja, akaketi, akasema: "Wanangu, usiku niko lindoni, mchana niko sokoni. Nikipata usingizi wa saa nne kwa jumla namshukuru Mungu. Na hizo nne nazo siku hizi hazitimii, maana naamka kwenda haja ndogo mara nne, mara tano, na kiu haikatiki." Dada yetu mmoja wa kamati ya akina mama, ambaye ni muuguzi, aliposimuliwa maneno hayo alisema neno moja tu: apelekwe akapimwe sukari. Alipimwa asubuhi kabla hajala kitu, akapimwa tena siku nyingine, na vipimo vyote viwili vikaonyesha kwamba ana kisukari cha aina ya pili.

Tabibu hakusema kwamba kukesha ndiko kulikomletea maradhi hayo. Alisema kuwa umri, uzito wa tumbo na kuwa na ndugu wa damu wenye kisukari vyote vina sehemu yake. Lakini aliuliza swali ambalo hatukulitarajia: "Mzee, unalala kiasi gani?" Swali hilo ndilo lililotufanya tutafute elimu, na tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo.

Usingizi na sukari vinakutana wapi?

Chakula tunachokula, hasa cha wanga kama ugali, wali, viazi na mkate, huvunjwa tumboni na kuwa sukari inayoingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa homoni ya insulini, na kazi yake ni kuifanya misuli na viungo vingine viipokee sukari hiyo viitumie. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili huanza kuwa mzito kuitikia insulini. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, na baada ya miaka huchoka. Hapo sukari hubaki katika damu na kuidhuru mishipa, macho, figo na miguu.

Usingizi unaingia hapo. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, Karine Spiegel, Rachel Leproult na Eve Van Cauter, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio walilolifanya kwa vijana 11 wenye afya njema. Kwa usiku 6 mfululizo vijana hao waliruhusiwa kukaa kitandani saa 4 tu. Walipopimwa, miili yao ilikuwa ikiondoa sukari katika damu kwa mwendo wa polepole, pungufu kwa kiasi cha asilimia 40 kuliko walipokuwa wamelala vya kutosha. Hawa walikuwa vijana wazima, na usiku ni sita tu. Mlinzi wetu alikuwa na miaka.

Zipo sababu zaidi ya moja. Mtu asiyelala vya kutosha, mwili wake hubaki katika hali ya tahadhari, na homoni ya kotisoli, ambayo hupandisha sukari, huwa juu jioni wakati ambapo ilipaswa kuwa imeshuka. Misuli nayo huwa mizito kuitikia insulini. Isitoshe, njaa huongezeka. Mwaka 2004 kundi lilelile la Chicago lilionyesha kwamba baada ya siku mbili tu za kulala saa 4, homoni ya leptini inayoleta shibe ilipungua na homoni ya grelini inayoleta njaa ilipanda, na vijana waliopimwa walitamani zaidi vyakula vitamu na vya wanga. Anayekesha hapa kwetu anajua jambo hilo bila ya kwenda maabara: saa nane ya usiku mtu hatamani mboga za majani, hutamani soda na maandazi.

Majaribio ya siku chache hayatoshi kuthibitisha kwamba mtu ataugua. Kwa hiyo wataalamu wengine waliwafuatilia watu kwa miaka mingi. Mwaka 2010, Francesco Cappuccio na wenzake walikusanya tafiti 10 za namna hiyo, zenye jumla ya watu zaidi ya 100,000. Waliokuwa wakilala muda mfupi walipata kisukari kwa asilimia 28 zaidi ya waliolala kawaida. Wenye taabu ya kupata usingizi walizidi kwa asilimia 57, na wenye usingizi wa kukatikakatika walizidi kwa asilimia 84. Hata waliolala muda mrefu mno walizidi, ingawa kwa hao huenda kulala sana ni dalili ya ugonjwa mwingine uliokwisha kuingia mwilini.

Tusizisome tarakimu hizi kwa pupa. Asilimia 28 zaidi haina maana kwamba watu 28 katika kila 100 wataugua. Maana yake ni kwamba kama katika watu 100 wanaolala vizuri wangeugua 10, basi katika 100 wanaolala kidogo wangeugua kama 13. Si adhabu ya hakika juu ya kila mtu, lakini ukiwahesabu watu wa mji mzima ni wengi.

Usiku wetu umebadilika

Mwaka 1989, Dk. Donald McLarty, Dk. Andrew Swai na wenzao walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji sita vya Tanzania kwa watu zaidi ya 6,000. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyozidi. Chunguzi hizi mbili hazilingani kwa kila jambo, kwani ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu, na wa pili ulijumuisha na miji. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba maradhi haya yameongezeka sana. Chakula kimebadilika, kutembea kumepungua, na viuno vimenenepa. Sisi tunaongeza jambo moja ambalo halisemwi sana: usiku nao umebadilika.

Tazama Tarime yetu. Kule Nyamongo mgodi wa dhahabu wa North Mara haulali, na wako watu wanaoingia kazini wakati wengine wanaswali Isha. Mpakani Sirari malori na mabasi hupita usiku. Vijana wa bodaboda wanasubiri abiria mpaka usiku wa manane. Wauguzi wana zamu, walinzi wana lindo, na mama anayeuza chai stendi huwasha jiko kabla ya adhana ya Alfajiri. Hao wote wanatafuta riziki ya halali. Wengine tunakesha bila ya sababu yoyote, simu iko mkononi chini ya blanketi, tukitazama mpira wa Ulaya au mabishano ya watu tusiowajua.

Kuhusu kazi za zamu, mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wauguzi wanawake wa Marekani zaidi ya 170,000 kwa karibu miaka ishirini. Kadiri muuguzi alivyokuwa na miaka mingi ya zamu za usiku za kupokezana, ndivyo hatari yake ya kisukari ilivyopanda. Sehemu ya hatari hiyo ilitokana na kuongezeka uzito, na uzito nao hufuata ulaji wa usiku na uchovu wa mchana.

Je, wazee wetu hawakukesha?

Tulipoyaeleza haya katika darsa, ndugu mmoja aliuliza swali zuri: mbona wazee wetu walilala kidogo, wakachunga ng'ombe, wakalima, na hawakuwa na sukari? Jibu lake liko karibu nasi, ng'ambo ya Serengeti na Ngorongoro, kando ya Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadzabe. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Wakati wa utafiti watu hao waliishi bila ya taa za umeme. Ilikutwa kwamba usingizi wao halisi ni kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, yaani si mrefu kama wengi walivyodhani.

Lakini tuangalie yaliyosalia. Muda wao wa kujilaza, tangu kulala mpaka kuamka, ulikuwa kati ya saa 6.9 na 8.5. Waliamka karibu wakati uleule kila siku. Waliokosa usingizi mara kwa mara walikuwa wachache mno. Na mchana wao wote ni wa kutembea. Kwa hiyo mzee wetu wa zamani aliyelala baada ya moto kuzimika na kuamka na jogoo hafanani na kijana anayelala saa nane usiku leo, saa nne kesho, na mchana kutwa ameketi.

Wapo pia wanaodhani kwamba kuuhimiza usingizi ni kuupunguza uchamungu. Hao tunawakumbusha kisa mashuhuri cha Salman na Abu Dardaa (r.a.). Abu Dardaa alitaka kusimama usiku kucha katika ibada, na Salman akamzuia, akamtaka alale, mpaka sehemu ya mwisho ya usiku ndipo wakaamka wote wawili wakaswali. Salman alimweleza kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki na ahali wana haki, na kila mwenye haki apewe yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alilithibitisha neno la Salman. Tena imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Mwenye kuifuata mila hiyo atakuwa na usiku mrefu wa kutosha. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tumepewa neema ambayo ndugu zetu wa Ulaya hawana wakati wa kiangazi: baina ya Isha na Alfajiri tuna zaidi ya saa tisa, mwaka mzima. Mtu akilala saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri amepata saa saba, kiwango ambacho wataalamu wanakipendekeza kwa mtu mzima, na bado amewahi jamaa.

Mduara unaojizungusha

Jambo hili lina pande mbili. Usingizi mbovu unapandisha sukari, na sukari iliyopanda inaharibu usingizi. Sukari ikizidi, figo huitoa kwa mkojo, na mtu huamka mara nyingi usiku, huku kiu ikimrudisha kwenye maji, na maji yakimrudisha msalani. Mishipa ya fahamu ikidhurika, miguu huchoma au hufa ganzi usiku. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, huweza kushukiwa na sukari akiwa usingizini, akaamka ametota jasho na moyo unamwenda mbio. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari asiyelala vizuri asikae na taabu hiyo kama fungu lake. Amweleze tabibu, kwa kuwa huenda dawa au nyakati zake zinahitaji kurekebishwa.

Lipo na la kukoroma. Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini wapo ambao njia ya hewa hujifunga wakiwa usingizini, pumzi ikasimama kwa nukta kadhaa, kisha wakashtuka kwa kishindo na kuvuta hewa kwa nguvu, na hilo hurudiarudia usiku kucha. Mwenyewe hajui. Asubuhi huamka na kichwa kizito na mchana husinzia. Watu wenye hali hii, ambao wengi wao wana uzito mkubwa, wako katika hatari zaidi ya kisukari na ya shinikizo la damu. Shahidi wa maradhi haya ni mke au mume. Mama, ukimsikia baba watoto pumzi inakatika usiku, usiishie kumgeuza ubavu. Mwambie kulipokucha, na mwende pamoja hospitali.

Tufanye nini?

Nyumbani, tuwe na wakati maalumu wa kulala na wa kuamka, hata siku za mapumziko. Chakula cha usiku kiliwe mapema na kiwe chepesi. Kahawa na chai ya rangi zina kafeini ambayo hukaa mwilini kwa saa nyingi, hivyo baada ya Alasiri ni bora kuziacha. Simu ilale mbali na kitanda. Qailula, usingizi mfupi wa mchana, ni msaada na ni sunna, lakini ukiwa mrefu huuharibu usingizi wa usiku. Tusinunue vidonge vya usingizi dukani bila ya ushauri wa tabibu.

Kwa anayefanya kazi usiku, usingizi wake wa mchana ni usiku wake. Familia iuheshimu. Dirisha lifunikwe kwa pazia zito, watoto wachezee mbali, asiamshwe kwa kila mgeni na kila simu. Tunajua nyumba zetu ni ndogo na wageni ni wengi, lakini tukimwambia mgeni kuwa baba amelala kwa sababu alikuwa kazini, hakuna aibu. Na huko kazini, badala ya soda ya kufukuza usingizi achukue maji, na mlo wake mkubwa aule kabla ya kuingia zamu.

Katika mwezi wa Ramadhani, daku na tarawehe hupunguza usiku, basi wakati huo qailula ihimizwe zaidi. Mwenye kisukari amwone tabibu wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, asijiamulie mwenyewe kuacha dawa wala kubadili dozi.

Kisha tupime. Mwenye miaka arobaini na zaidi, mwenye tumbo kubwa, mwenye ndugu wa damu mwenye kisukari, mama aliyepata sukari akiwa mjamzito, na kila mwenye kiu isiyokatika na kukojoa sana usiku, asingoje. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa kikawa hivyo, hicho ni kisukari. Kikiwa baina ya 6.1 na 6.9, ni onyo, na bado ipo nafasi ya kurudi nyuma kwa kupunguza uzito, kutembea, kula kwa kiasi na kulala. Ukienda kupimwa, mweleze mhudumu unalala saa ngapi, unaamka mara ngapi, na kama unakoroma, hata kama hakukuuliza.

Na sisi wenye kamati, wenye maduka na wenye majumba tunaoajiri walinzi, tujiulize kama mshahara tunaolipa unamruhusu mtu huyo kulala mchana. Mshahara wa mlinzi wetu haukumruhusu. Ndiyo maana alikuwa sokoni. Tulikuwa tukimlaumu kwa usingizi ambao sisi wenyewe tulikuwa tumemnyang'anya.

Sasa walinzi wetu ni wawili, wanapokezana usiku kwa usiku, na nyongeza ya malipo yao inatoka katika mchango wa kila Ijumaa. Haikuwa rahisi, na kuna mwezi tulipungukiwa. Mzee anameza dawa, sokoni anakwenda nusu siku tu, na sukari yake imeshuka, ingawa bado haijatulia. Tulimwendea kumwomba radhi kwa jina lile la utani na kwa yale tuliyokuwa tumekusudia. Akasema: "Nimesamehe, wanangu. Lakini ile ajenda ifuteni daftarini, isije ikasomwa na wajukuu zangu." Tumeifuta.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape walinzi wetu na wote wanaokesha kwa ajili yetu riziki yenye kutosha na usingizi wenye raha. Wabillahi tawfiq.